Miezi 14 ndani ya bohari iliyogeuzwa karakana: tathmini ya mpangaji aliyewahi kuwa karani wake

Mara ya kwanza kuingia katika jengo hili nilikuwa na daftari na penseli. Kazi yangu ilikuwa kusimama kando ya mizani mlangoni, kuandika uzito wa kila robota la pamba linaloingia, kisha kuandika limepangwa kwenye nguzo namba ngapi. Niliifanya kwa miaka tisa. Kampuni ikahama, milango ikafungwa, na kwa miaka mingi nilipopita njia ile niliona madirisha yakipoteza kioo kimoja baada ya kingine. Sasa nimerudi. Nimekodi chumba ghorofa ya kwanza, nakarabati viti na makochi. Mkataba wa kwanza ulikuwa wa mwaka mmoja, nikauongeza miezi mitatu kwa makusudi, maana nilitaka kuona jengo litakavyozipokea mvua za mwaka wa pili, rangi mpya ikiwa imeshazoea ukuta. Mvua zimenyesha, nimeona, sasa naweza kuandika.

Sitataja jina la mahali. Nina lawama mbili nzito na mwenye jengo nimeshamwambia uso kwa uso. Ninachotaka ni kumsaidia mtu anayefikiria kukodi karakana, ofisi au duka ndani ya jengo kuukuu lililopewa kazi mpya, ajue aangalie wapi. Picha za matangazo huonyesha matofali yaliyosuguliwa na taa za kuning'inia, na hayo hayakuambii kama chumba kitakufaa. Mimi huuliza kama kazi mpya inalitumia jengo kwa nguvu lililonalo, au inalilazimisha liwe kitu kingine. Humu ndani yapo yote mawili.

Kwanza ijulikane kwamba kampuni haikuhama kwa sababu jengo lilichakaa. Ilihama kwa sababu malori yalikua. Mlango mkubwa una upana wa mita mbili na nusu. Mkokoteni na lori dogo vilipita bila taabu, lakini lori la kontena halikuweza hata kukata kona ya uani. Mambo kama hayo yaliipata stesheni ya Orsay huko Paris. Ilifunguliwa mwaka 1900, kazi ya msanifu Victor Laloux, na kufikia mwaka 1939 treni za masafa marefu ziliacha kuitumia kwa sababu zilikuwa ndefu kuliko majukwaa yake. Paa lake la chuma na kioo halikuwa na kosa lolote. Mwaka 1986 ikafunguliwa kuwa jumba la makumbusho, na saa zake kubwa zimebaki palepale. Kwa hiyo ukisikia jengo "limepitwa na wakati", uliza ni jengo lenyewe au ni kazi iliyokuwa ndani yake.

Letu lina urefu wa mita 40 hivi na upana wa mita 14, na ghorofa mbili juu ya sakafu ya chini. Kuta ni za matofali ya kuchoma, karibu sentimita 60 chini, na hupungua unene kadiri zinavyopanda. Ndani kuna safu za nguzo, za chuma sakafu ya chini na za mbao ghorofani. Kila nguzo ina namba ya rangi nyeupe, 1 hadi 36 kwa kila sakafu. Waliokarabati waliziacha namba hizo, na si kwa urembo: ndizo anwani za vyumba. Chumba changu kiko kati ya nguzo ya 14 na ya 17. Mleta mizigo akiniuliza niko wapi namwambia namba ya nguzo, naye anafika bila kupotea, vilevile wapagazi walivyokuwa wakinipata mimi na daftari langu.

Sasa sakafu, ambayo ndiyo iliyonirudisha humu. Sakafu ya ofisi ya kawaida husanifiwa kubeba kilo 250 hadi 300 kwa kila mita mraba. Ya ghala huanzia kilo 750 na kuendelea. Najua ukweli wa tofauti hiyo kwa miguu yangu. Robota moja lilikuwa na karibu kilo 200, tuliyapanga matatu kwenda juu, safu nzima kutoka ukuta hadi ukuta, na ukipita katikati sakafu ilikuwa kimya kama mwamba. Kabla ya kurudi hapa nilikodi chumba katika jengo jipya la ofisi. Mashine yangu ya kushonea ngozi ilikuwa ikitetemesha meza ya jirani, na tulikwaruzana naye mpaka nikahama. Humu, upande wangu wa kulia kuna fundi mwenye mashine ya chapa ya chuma tupu, mzigo ambao katika jengo la ofisi ungedai sakafu iimarishwe kwanza. Ikifanya kazi nasikia mlio wake, lakini chini ya miguu sihisi kitu. Mtu aliyeamua bohari hii iwe karakana badala ya ofisi za watu wenye kompyuta alilielewa jengo.

Lakini sakafu nene si hakikisho peke yake, na hili nalisema kwa msisitizo kwa mtu anayetafuta. Uliza kama mhandisi aliangalia vichwa vya boriti. Boriti ya mbao haianzi kuoza katikati, pale unapoiona. Huanza mwishoni, pale inapoingia ndani ya ukuta, kwa sababu tofali lililolowa hukaa limeikumbatia na upepo hauingii. Hapa walifungua mbao za sakafu kando ya kuta zote. Boriti mbili za upande wa magharibi zilikuwa zimeliwa kiasi cha mkono; wakakata sehemu iliyooza wakaunga mbao ngumu kwa bolti. Maungio yameachwa wazi, unayaona ukiinua macho karibu na nguzo ya 31. Mbao mpya ni nyeupe na ya zamani ni nyeusi, hakuna aliyejaribu kuzipaka rangi moja. Nilipoziona nilijua fundi seremala aliyekuwa hapa ni mtu wa kweli.

Boriti zenyewe hazikufunikwa dari, na wapangaji wengi hudhani ni mtindo. Kuna hesabu ndani yake. Mbao nene ikishika moto huungua taratibu, karibu milimita 0.7 kwa dakika, kwa kuwa makaa yanayojitengeneza nje huukinga moyo wake. Boriti ya sentimita 30 baada ya nusu saa huwa imepoteza kama sentimita mbili kila upande, na bado inabeba. Nusu saa ni muda wa kutosha watu wote kutoka. Nguzo za chuma za chini ndizo zinazotaka uangalifu zaidi. Ni chuma cha kumimina, kilichoganda kwenye kalibu. Mzigo wa kukandamiza huuvumilia vizuri kuliko mwingine wowote, lakini ukikipinda au kukivuta huvunjika bila kuonya, na kikiwa kimeshika joto kali kisha kikamwagiwa maji baridi kinaweza kupasuka. Mkataba wetu una sharti kwamba hakuna kutoboa nguzo hata tundu dogo la skrubu. Ukitaka kutundika kitu unapewa mkanda wa kufunga. Mpangaji mmoja alilalamika kuwa anasumbuliwa. Mimi nililifurahia sharti hilo kuliko kitu kingine chochote kwenye ile karatasi.

Nguzo za namna hii zina ukoo mrefu. Jengo la kwanza duniani kusimamishwa kwa kiunzi cha chuma liko Shrewsbury, Uingereza. Charles Bage alilisanifu, likakamilika mwaka 1797, kiwanda cha kusokota kitani, enzi ambazo viwanda vya sakafu za mbao vilikuwa vikiteketea kimoja baada ya kingine. Kitani kikakoma, na kuanzia mwaka 1897 likatumika kuotesha shayiri. Hiyo nayo ikakoma mwaka 1987, jengo likabaki tupu, likateseka, hadi mwaka 2022 lilipofunguliwa tena likiwa na ofisi na ukumbi wa maonyesho. Kazi tatu, nguzo zilezile. Nikiingia asubuhi nikapita katikati ya nguzo zetu huwa nalikumbuka.

Niwaambie habari ya mlango wa kapi, maana ndicho kitu kinachonipa furaha kila wiki. Mabohari ya zamani yalikuwa na mlango kwenye kila ghorofa, unaofunguka hewani, na juu yake boriti yenye kapi na mnyororo. Robota lilifungwa chini uani, likavutwa, mtu akalipokea juu kwa ndoana. Mafundi wengi wangeuziba mlango huo au kuugeuza dirisha lisilofunguka. Hapa waliweka milango ya kioo inayofungukia ndani, na nondo nene ya kuzuia mtu asianguke, ambayo huondolewa kwa ufunguo wakati wa kazi tu. Kapi lilikaguliwa upya, mnyororo ukabadilishwa, na kibao kimesimikwa: mwisho kilo 300. Kochi la watu watatu halipiti kwenye lifti yetu, ni ndogo. Hupanda kwa kapi. Mlinzi wa zamu, mzee ambaye alikuwa mpagazi hapa siku zetu, ndiye aliyepewa jukumu la kulisimamia. Siku ya kwanza nilipoleta kochi alinitazama akasema, "Karani, andika uzito." Nikamjibu, "Mzee, hili halifiki hata nusu ya robota." Akavuta.

Tazama ni vitu vingapi vinafanya kazi kwa wakati mmoja hapo. Mlango ule unaniletea mwanga mchana kutwa. Unaniingizia upepo. Unapitisha mali yangu. Na ujuzi wa yule mzee, ambao kwingine kokote usingemfaa kitu, umempa ajira.

Kuhusu mwanga, pima mwenyewe kabla ya kusaini. Kanuni ya mafundi ni kwamba mwanga wa dirisha hufika ndani kiasi cha mara mbili ya kimo cha ncha yake ya juu kutoka sakafuni, au zaidi kidogo. Madirisha yetu ncha yake iko mita mbili na robo, kwa hiyo mwanga unaofaa kazi unafika mita nne na nusu. Jengo lina upana wa mita 14. Toa mita nne na nusu kila upande, katikati inabaki mita tano za giza. Pamba haikuhitaji jua. Mtu anayelinganisha rangi za uzi anahitaji. Kwenye ghorofa yangu waliliheshimu giza hilo: katikati wakaweka njia ya kupita, vyoo, stoo na mabomba, vyumba vya kazi vyote vikabaki kandokando. Ghorofa ya juu kabisa walifungua madirisha ya paani, mwanga huko ni wa ajabu, na kama kazi yako ni ya kuchora nenda huko moja kwa moja. Sakafu ya chini walibanwa na hamu ya kupata vyumba vingi wakapanga vitatu katikati. Usivichukue hata ukipunguziwa. Nimewaona watu wawili wakiingia na kutoka ndani ya miezi sita.

Wapo wanaosema dawa ilikuwa kukata sakafu na kutoboa shimo kubwa la kushusha mwanga. Nafahamu wanakotoa wazo. Cape Town kuna ghala la nafaka la miaka ya 1920, mirija 42 ya zege iliyobanana, bila dirisha na bila chumba chochote ndani, ambalo studio ya Thomas Heatherwick ililigeuza jumba la sanaa mwaka 2017. Walikata katikati ya mirija uwazi mkubwa wenye umbo la punje ya mahindi iliyokuzwa hadi kimo cha ghorofa kumi. Pale kukata kulikuwa na sababu, kwa kuwa mrija wa zege hauna pa kumweka mtu. Bohari yetu tayari ina sakafu na madirisha. Kuikata kungeondoa ile nguvu ya kubeba ambayo ndiyo mali yake.

Viambaza vinavyogawa vyumba navyo vimefanywa kwa akili. Vimesimama vyenyewe, kwa miguu yao, havikupigiliwa kwenye kuta za matofali wala kwenye nguzo, na juu yake kuna nafasi ya kioo hadi kwenye boriti. Kikitolewa kesho, jengo halitabaki na jeraha. Mfano mzuri kuliko yote ninaoujua wa jambo hili uko Maastricht, Uholanzi, ndani ya kanisa la Wadominiko lililowekwa wakfu mwaka 1294. Liliwahi kuwa mahali pa kuegesha baiskeli. Mwaka 2006 likawa duka la vitabu. Wasanifu wake, Merkx na Girod, walijenga rafu ya chuma nyeusi ya ghorofa kadhaa isimame peke yake upande mmoja wa kanisa, mteja anapanda ngazi akitazama vitabu mpaka anafika karibu na michoro ya darini, na mawe ya kanisa hayakuguswa. Waraka wa uhifadhi wa Burra, uliotungwa Australia mwaka 1979, una kanuni inayosema jambo hilihili: fanya yote yanayolazimu ili mahali patunzwe na patumike, lakini zaidi ya hapo badilisha kidogo iwezekanavyo.

Nasikitika kwamba kanuni hiyo ilisahauliwa kwenye ukuta wa kaskazini, na hii ndiyo lawama yangu ya kwanza.

Matofali ya jengo hili yalijengwa kwa chokaa. Chokaa ni laini na inapumua. Unyevu unaopanda kutoka ardhini, na mvua inayopenya ukutani, hutoka taratibu kupitia maungio ya chokaa, ukuta unakauka, na kama kuna kitu cha kuharibika basi ni chokaa yenyewe, ambayo fundi mwashi huikwangua na kuijaza upya baada ya miaka. Tofali linabaki zima. Siku zetu ukuta wa kaskazini ulikuwa na alama za maji kila mvua, nasi tulijua tusiegemeze marobota pale, tuliacha nafasi ya mtu kupita. Baada ya mwezi ukuta ulikuwa mkavu. Waliokarabati waliona zile alama wakaona aibu mbele ya wapangaji wapya, wakapiga lipu ya saruji kuanzia sakafuni hadi kimo cha mita moja na nusu, wakamalizia na rangi ya plastiki.

Ukuta ulikaa mzuri kwa msimu mmoja. Saruji ni ngumu na haipitishi, hivyo maji yaliyokuwa yakitoka sasa yamefungiwa ndani. Yakatafuta njia juu zaidi, yakatokea pale lipu inapoishia, mita moja na nusu kutoka chini, mahali ambapo miaka tisa sikuwahi kuona tone. Yakabeba chumvi. Chumvi ikikauka hutanuka ndani ya tofali na kulibandua uso. Nimeokota vipande sakafuni vyembamba kama maganda. Mvua za mwaka wa pili zikaleta kuvu. Stoo ya pamoja iko upande huo, na mimi nilikuwa nimehifadhi humo majora mawili ya kitambaa cha mteja. Moja lilioza mkunjo mzima. Nililipa.

Nilipokwenda kwa meneja alinionyesha mashine ya kufyonza unyevu aliyoagiza. Nikamwambia, "Dada, mashine itafyonza hewa ya chumbani. Maji yako ndani ya ukuta, na mlango wake wa kutokea mmeuziba." Alinisikiliza kwa heshima, hilo namshukuru. Alimwita fundi mwashi mzee wa kazi za chokaa, ambaye aliondoa lipu kwenye kipande cha mita mbili karibu na nguzo ya 3, akakiacha wazi wiki sita, kisha akapaka chokaa tupu. Kipande hicho sasa kina rangi nyepesi kuliko vyote na ukikigusa hakina ubaridi wa maji. Kilichobaki, mita 38, bado kimevaa saruji. Ukienda kukagua jengo lolote la matofali ya zamani, gonga ukuta kwa kidole chini na juu. Lipu ngumu yenye sauti ya kigae kwenye ukuta wa miaka mia ni swali unalopaswa kumuuliza mwenye jengo kabla ya lingine lolote.

Lawama ya pili inahusu watu, na inaniuma zaidi.

Mbele ya bohari kuna jukwaa la kupakulia, kimo chake sawa na kitanda cha mkokoteni, karibu sentimita 90. Limeachwa, na kwa upande mmoja uamuzi huo ni mzuri mno. Siku zetu wapagazi walikaa pale kivulini kusubiri zamu, miguu ikining'inia. Leo wanakaa mafundi, wateja, na watoto wa shule wanaopita. Ndani yake kuna ukumbi wa mizani, ambao mwenye jengo angeweza kuukatakata na kuupangisha, akauacha wazi. Mizani bado inapima, naitumia nikitaka kusafirisha mali. Msanifu Lina Bo Bardi alipoitwa kukishughulikia kiwanda kikuukuu cha mapipa huko São Paulo, alirudi siku ya mapumziko akakuta watoto wanakimbia humo na familia zimekaa. Akaona kazi yake ni kuiendeleza ile hali, si kuifuta. Sehemu ya kwanza ya kituo cha utamaduni na michezo kilichotokana nacho, SESC Pompéia, ilifunguliwa mwaka 1982. Na London, kituo cha umeme cha Bankside kilipofunguliwa kama jumba la sanaa la Tate Modern mwaka 2000, wasanifu Herzog na de Meuron waliuacha ukumbi wa turbini mtupu, kimo cha mita 35, na huo ndio watu wanaoukumbuka. Mahali palipoachwa wazi pana kazi, ingawa hapana kodi.

Lakini kupanda jukwaa letu kuna ngazi tano za mawe, na mteremko wa kiti cha magurudumu umewekwa nyuma, baada ya mapipa ya taka, kwenye mlango ambao hufungwa saa kumi na moja jioni. Nina mteja anayetumia kiti hicho. Alikuja kuchagua kitambaa cha viti vya mama yake. Alipitishwa nyuma kama mzigo, akakuta mlango umefungwa, akanipigia simu kutoka uani. Nilishuka tukachagua kitambaa palepale nje, vipande nimevitandaza juu ya mapaja yake, upepo ukivipeperusha. Hakulalamika. Mimi nililala vibaya usiku ule.

Hoja niliyopewa ni kwamba mteremko wa mbele ungeharibu sura ya jukwaa. Siikubali. Kimo cha sentimita 90 kwa mwinuko wa moja kwa 12 kinataka urefu wa mita karibu 11, ukiongeza na kituo cha kupumzikia katikati, na jukwaa lina urefu wa mita 40. Nafasi ipo. Unaweza kujengwa kwa chuma, usimame wenyewe pembeni ya jiwe kama vile viambaza vya ndani, usiguse kitu. Watu walewale walioonyesha ustadi huo ghorofani wanaweza kuuonyesha mlangoni. Jengo lililofungwa kwa umma enzi zake, likafunguliwa, halafu likabaki limefungwa kwa baadhi, bado halijafunguliwa.

Mengine kwa kifupi. Sauti: vyumba vya chini vina mwangwi mkali kwa sababu kila uso ni mgumu, juu, mbao husaidia. Mimi nilitundika majora ya kitambaa kwenye kiambaza, nikapata utulivu. Vumbi la maseremala wa ghorofa ya juu lilikuwa likinidondokea kupitia nyufa za mbao hadi zilipozibwa kwa kamba na gundi mwezi wa tatu. Joto: kuta nene huchelewesha jua kwa saa nyingi, asubuhi na mchana kuna ubaridi mzuri, jioni ndipo ukuta wa magharibi huanza kutoa ulichokunywa. Umeme ni mpya wote, soketi za kutosha. Intaneti inashika karibu na madirisha, katikati hafifu. Ngazi ya dharura ya nje ni imara na taa zake huwaka. Nimeishuka mwenyewe gizani kuhakikisha. Rangi ya zamani na mabati ya paa vilipimwa madini ya risasi na asbesto kabla ya mtu yeyote kuhamia, na ripoti ipo ofisini, ukiomba unaonyeshwa. Ukinyimwa ripoti kama hiyo mahali popote, ondoka.

Wateja wangu hunambia ingekuwa nafuu kubomoa na kujenga upya. Huwa nawaomba waangalie ukuta. Kila tofali lile lilichomwa tanuri mara moja, moshi wake umeshakwenda zamani. Kujenga upya kungetaka saruji, na utengenezaji wa saruji peke yake hutoa takriban asilimia 8 ya hewa ya kaboni inayotokana na shughuli za binadamu duniani. Nami najua sakafu mpya ya ofisi ingekuwaje chini ya mashine yangu.

Mkataba wangu unaisha mwezi ujao. Nimeomba chumba kilekile, nguzo ya 14 hadi ya 17, miaka miwili. Kwenye fomu kuna mistari ya maombi ya mpangaji, nimeandika mambo mawili: lipu ya saruji iondolewe ukuta wote wa kaskazini kabla ya mvua, kwa mkono wa yuleyule fundi wa chokaa, na mteremko ujengwe mbele. Nimechora na vipimo. Mzee wa kapi ameshika ncha ya pili ya futi, tumepima jukwaa zima asubuhi ya Jumamosi, nikaandika namba kwa penseli kwenye daftari. Meneja amesema atanijibu baada ya kikao. Ukija kutazama vyumba kabla ya hapo, anza na kipande kile karibu na nguzo ya 3, weka kiganja ukutani, kisha sogea hatua moja kushoto uweke tena.